Jengo Linalosema Shikamoo: Somo la Kikanisa Kipya Kati ya Kuta za Zamani



Leo nimekuja na somo la matofali. Najua tukikutana hapa tumezoea kuongea habari za sala, wito na usafi wa moyo. Hayo hayajaachwa, ila leo tutayaingilia kupitia mlango wa fundi mwashi. Kama Biblia iko karibu, fungua kitabu cha Ezra, sura ya 3, tutaihitaji.

Mimi ni mtoto wa Makambako. Nimekulia karibu na reli ya TAZARA, kwenye mji ambao barabara ya Mbeya na ile ya Njombe na Songea zinaachana, na upepo hauna likizo. Nasomea usanifu majengo. Mwaka jana nikiwa likizo nyumbani, padre mlezi wa wanafunzi Wakatoliki wa chuo kimoja upande wa Njombe aliniita. Chuo kile kiko kwenye eneo la misheni ya zamani, na kina mpango wa kupanuka kiwe kampasi ya chuo kikuu. Wanafunzi wanasali Misa bwaloni. Jumapili asubuhi wanasogeza meza za chakula, wanatandika kitambaa cheupe juu ya mojawapo, na harufu ya maharage ya jana inapanda pamoja na ubani. Kanisa la zamani lipo hapo hapo uwanjani, lakini ni dogo, halichukui hata theluthi yao.

Padre akaniambia: "Mwanangu, kwa sasa hatuna hela ya kumlipa msanifu. Tuchoree mchoro wa mwanzo tu, ili tukienda kwa Baba Askofu tuwe na cha kumwonyesha."

Kusema kweli, nilifurahi kupita kiasi. Usiku tatu sikulala vizuri. Nikachora pembetatu kubwa, vioo kutoka sakafuni mpaka kileleni, bati la bluu, na msalaba wa chuma wa mita 15. Nikarusha picha kwenye kundi la WhatsApp la TMCS, na makofi yakamiminika. Na ili jengo langu lionekane vizuri kutoka barabarani, lile kanisa la zamani nililiondoa. Halikunisumbua. Nilibonyeza kitufe kimoja tu, likafutika.

Swali la babu

Jumapili iliyofuata nilimpelekea babu picha ile kijijini. Babu ana zaidi ya miaka themanini. Nilimwamkia, akavaa miwani, akaishika simu yangu kwa mikono miwili. Akakaa kimya.

"Kanisa liko wapi?"

"Ndilo hilo, babu."

"Hapana. Kanisa letu."

Nikamweleza kwamba nimeliondoa kwa sababu linaziba. Hakukasirika. Alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto wa mafundisho, Jumapili baada ya Misa watoto walikuwa wanapangwa mstari kutoka kwenye tanuri la matofali bondeni kupanda mpaka kwenye jengo, kila mtoto na tofali moja kichwani, wakubwa mawili. "Tofali langu limo humo," akasema. "Silijui ni lipi. Ndiyo maana nayaheshimu yote."

Kisha akanirudishia simu na kuuliza: "Na hili lako, mjukuu wangu, likifika pale litawaamkiaje wenzake?"

Unajua kwetu Ubena mtoto hapiti mbele ya wazee kimya kimya. Lazima aseme "kamwene". Asiposema, watu hawamuulizi kama ni mrefu au mzuri, wanauliza ni mtoto wa nani. Jengo langu lilikuwa mtoto wa namna hiyo. Lilikuwa zuri, ila halikumwamkia mtu.

Sasa tusome Ezra 3:10-13. Waisraeli wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, wanaweka msingi wa Hekalu jipya. Vijana wanapiga kelele za furaha. Lakini wazee waliowahi kuliona Hekalu la kwanza kwa macho yao wanalia kwa sauti, mpaka watu hawawezi kutofautisha kilio na shangwe. Niliposoma sehemu hiyo usiku ule niliona kwamba Biblia haiwagombezi wazee wala haiwakatazi vijana. Sauti zote mbili zinasikika mbele za Mungu. Mimi nilikuwa nimezima moja.

Hatua ya kwanza: soma kabla hujachora

Nilirudi kwenye eneo la chuo bila kompyuta. Nilibeba daftari, penseli na futi kamba. Kwa siku nne nilipima na kuangalia tu.

Majengo ya misheni za nyanda zetu yana lugha yake, na lugha hiyo ina historia. Wabenediktini waliingia kusini mwa nchi yetu wakati wa Wajerumani. Peramiho ilianzishwa 1898, ikachomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, mwaka ule ule aliouawa Askofu Cassian Spiss. Walirudi wakajenga tena. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1919 Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia wakafika na kushika kazi upande wa Iringa, Tosamaganga ikiwa kitovu chao. Huku Njombe mikono ya pande zote mbili iko karibu: Wabenediktini wako Uwemba, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Gertrud wako Imiliwaha. Jimbo lenyewe la Njombe lilianzishwa mwaka 1968.

Ukipita kwenye misheni hizi za kusini utakutana na mambo yanayojirudia: tofali za kuchoma, kuta nene, matao, baraza ndefu, paa lenye mteremko mkali. Usidhani ni mapambo ya Kizungu tu. Udongo ulichimbwa hapo hapo. Kuta nene zinatunza joto la mchana, na Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba baridi inakuingia mpaka kwenye mifupa. Paa linateremka sana kwa sababu mvua zetu hazitanii. Baraza zipo ili watu wakutane bila kulowana. Na mabruda hawakujenga peke yao. Walifundisha uashi na useremala, na vijana wa Kiafrika wakawa mafundi. Ukigusa ukuta ule unagusa kazi ya mababu zetu, hata kama jina lililoandikwa kwenye jiwe la msingi ni la mgeni.

Katika daftari langu niliandika vitu vitano tu: kimo cha kuta, mteremko wa paa, upana wa matao, rangi ya tofali, na njia ambazo watu hupita kila siku. Hiyo ya mwisho usiidharau. Kila mtu pale anakatiza uwanja wa katikati, kutoka bweni kwenda madarasani. Uwanja ule ndio moyo wa mahali.

Hatua ya pili: Kanisa linatuachia uhuru, na linatupa kazi

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mama Kanisa hajawahi kutangaza kwamba mtindo fulani wa ujenzi ndio wa Kikatoliki na mingine siyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unalisema hilo katika Konstitusio juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 123. Kanisa limepokea mitindo ya kila zama na kila taifa, nayo ya siku zetu inakaribishwa, mradi itumikie ibada kwa heshima inayostahili. Namba 124 inaongeza kwamba katika sanaa takatifu tutafute uzuri wenye heshima kuliko gharama na fahari, na majengo yafae adhimisho la liturujia na ushiriki hai wa waamini.

Kwa hiyo mtu asije akakuambia kwamba vioo ni dhambi. Si dhambi. Swali ni je, vinamtumikia nani hapa?

Kuna na sheria. Kadiri ya Kanuni za Kanisa, hakuna kanisa linalojengwa bila idhini ya maandishi ya Askofu wa jimbo (kanuni 1215), na ujenzi ufuate ushauri wa wataalamu pamoja na kanuni za liturujia na sanaa takatifu (1216). Mahali pa sala kwa ajili ya jumuiya maalumu, kama wanafunzi wa chuo, panahitaji ruhusa ya mwenye mamlaka ya Kanisa, na kabla ya kutoa ruhusa anapaswa kupakagua, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mwingine (1223 na 1224). Ndiyo maana padre alisema mchoro ni wa "kumwonyesha Baba Askofu". Msanifu hajengi kanisa lake.

Ndani, mambo makuu yako wazi. Altare isimame peke yake, ili padre aweze kuizunguka na macho ya watu yaifikie bila kutafuta. Mimbari ya Neno iwe mahali pa heshima, maana Kristo anasema nasi pale. Tabernakulo iwe mahali panapoonekana na panapofaa kusali kwa utulivu. Kwenye mchoro wangu wa vioo, nimwambie nani, tabernakulo niliikumbuka mwishoni kabisa. Niliisukuma kwenye kona ambako ungeweza kupita mara kumi usiione. Msalaba wa mita 15 wa kuonekana na magari nilikuwa nao. Mahali pa kupiga goti sikuwa napo.

Hatua ya tatu: wengine wamefanyaje?

Nchini Marekani, huko California, kuna chuo cha Kikatoliki kinaitwa Thomas Aquinas College. Kilianzishwa 1971, kwa hiyo si cha kale, lakini majengo yake yalifuata sura ya misheni za zamani za Wahispania za jimbo lile: kuta nyeupe, matao, vigae vyekundu. Walipotaka kanisa la chuo, msanifu Duncan Stroik alibaki ndani ya lugha hiyo hiyo, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 2009. Ni kubwa, ni la fahari, lakini mgeni akiingia kampasi haulizi limetoka wapi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, mfano mwingine wa majengo ya chuo ni Makerere. Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1943, mwaka huo huo aliobatizwa. Jengo Kuu lake la mwaka 1941 liliungua Septemba 2020. Wangeweza kabisa kuweka mnara wa vioo mahali pake. Waganda walichagua kulijenga tena kwa sura ile ile inayojulikana, na mwaka 2024 likafunguliwa upya. Nadhani walielewa kwamba sura ya jengo inaweza kuwa sehemu ya kumbukumbu ya watu, na kumbukumbu ikiungua inauma.

Lakini angalia tofauti. Makerere walirudisha kilichopotea. California walijenga kipya kinachofanana na ndugu zake. Sisi Njombe tulikuwa na kazi ya tatu: kipya kando ya kizee kilicho hai. Hapo kuiga tu hakutoshi, na nitakuambia kwa nini.

Hatua ya nne: mchoro wa pili

Nilipomwonyesha padre daftari langu, mwanafunzi mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa karibu. Akaniuliza: "Na ngazi je, utaziiga pia?" Kanisa la zamani lina ngazi saba. Kwa mwaka mzima, kila Misa iliyofanyika humo yeye alisali nje barazani, au alibebwa kama gunia. Alisema neno "gunia" huku anacheka, lakini mimi sikucheka.

Basi nikajifunza kwamba shikamoo si kuiga. Mtoto anayemwamkia babu yake hajifanyi babu. Mazuri ya wazee tunayapokea, na pale walipokosea au hawakuona mbali tunarekebisha bila kuwatukana. Mchoro wa pili hauna ngazi hata moja. Una njia ya mteremko mpole inayotumiwa na wote, padre na maandamano wakiwemo, ili asiwepo mtu wa kuingilia mlango wa pembeni.

Kanisa la zamani linabaki. Litakuwa mahali pa kuabudu Ekaristi na kuungama siku za wiki. Kikanisa kipya kinasimama upande wa pili wa uwanja, na baraza yenye matao inaviunganisha. Ni mita 12 kwa 24, cha watu 250 hivi, na kimo cha kuta zake hakizidi cha majirani. Kinachopanda juu ni mnara wa kengele peke yake. Tofali ni za rangi ile ile, ila sikuweka urembo wa kughushi ili kudanganya kwamba ni wa zamani. Mtu akiangalia kwa makini atajua hili ni la kizazi chetu.

Halafu kuna jambo lililonifurahisha. Mapokeo ya Kanisa tangu kale yanapenda kusali kuelekea mashariki, jua linakochomoza, tukimngoja Kristo. Nikaweka altare mashariki na mlango magharibi. Baadaye ndipo nikafikiria upepo. Msimu wa baridi upepo wetu mkali hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mlango wa magharibi umekingwa na jengo lenyewe. Tena sisi tuko kusini ya ikweta: mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Ukuta mrefu wa kaskazini ukawa ndio wa madirisha makubwa, na jua la msimu wa baridi litawafikia watu kwenye mabenchi. Ukuta wa kusini nikaupa madirisha madogo. Mapokeo na hali ya hewa vikakubaliana bila mimi kuvilazimisha. Pembetatu yangu ya vioo ingewagandisha watu Juni na kuvuja Machi.

Sisi ndio matofali

Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza (2:5) anatuita mawe hai, tunaojengwa kuwa nyumba ya kiroho. Nilikuwa nasikia maneno haya kila mwaka na kuyapita. Sasa nayaelewa kifundi. Tofali halichagui lipangwe wapi. Linabebwa na lililo chini yake na linabeba lililo juu yake. Likitaka kutokeza mbele ili lionekane, fundi analigonga lirudi kwenye mstari, au analitoa.

Ndugu yangu, wewe na mimi tumeingia katika Kanisa lililokuwepo kabla yetu. Tumekuta sala, kwaya, jumuiya ndogo ndogo, mabibi wa WAWATA, katekista mzee anayetuambia tunyamaze. Wakati mwingine tunataka kubonyeza kitufe na kuwafuta ili sisi tuonekane kutoka barabarani. Tunaita uamsho, tunaita usasa. Kuna mapya ambayo Kanisa linayahitaji kutoka kwetu kweli kweli, na yule ndugu wa kiti cha magurudumu ni shahidi. Lakini jipya likija kwa kumfuta mzee, halina msingi. Na mzee akikataa jipya lolote, kuna mtu ataendelea kusali nje barazani.

Niwaambie ukweli mpaka mwisho. Mchoro wa pili nilipourusha kwenye kundi, makofi yalikuwa machache sana. Mmoja aliandika: "Mbona linafanana na bweni?" Wengine bado wanataka vioo, na mjadala haujaisha. Michango ni ya elfu elfu, ruhusa bado, na Jumapili hii watasali tena bwaloni. Inawezekana kikanisa kikajengwa mimi nikiwa mzee, tena kwa mchoro wa mtu mwingine. Nimeanza kukubali.

Babu nilimpelekea pia. Safari hii nilichapisha kwenye karatasi. Akaweka kidole kwenye kanisa la zamani, akakivusha taratibu kupitia baraza mpaka kwenye jipya, akarudi tena. Akauliza tofali tutachomea wapi. Nikamwambia bado hatujajua. Akasema, "Mtuite. Kichwa bado kinabeba moja."

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye jumuiya)

1. Soma Ezra 3:10-13. Katika parokia au kigango chako, nani anashangilia na nani analia? Umewahi kumsikiliza yule anayelia?
2. Ni kitu gani cha waliokutangulia katika imani umekifuta kwa kitufe kimoja?
3. Kwenye kanisa lenu, nani anaachwa nje kwa sababu ya "ngazi", za matofali au za maneno?

Zoezi la wiki: Mtafute mzee mmoja aliyeshiriki kujenga kanisa lenu. Muulize alibeba nini. Kisha ingia kanisani dakika kumi bila simu, angalia kuta, na uwaombee wote waliozijenga, walio hai na marehemu.

Tusali

Ee Bwana, Mjenzi wa nyumba yako, asante kwa mikono iliyotutangulia. Utusamehe pale tulipotaka kuonekana kuliko kukuonyesha wewe. Utupange unapotaka, utuunganishe na wenzetu, na usiruhusu tumwache nje yeyote unayemwita ndani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mt. Yosefu, fundi na msimamizi wa familia ya Mungu, utuombee.